Nguvu za Mezani Hazipimwi kwa Mizani

Wahenga wametuachia agizo fupi: mwenye nguvu mpishe. Agizo ni zuri, ila linataka kwanza tumjue mwenye nguvu ni yupi, na hapo ndipo penye kazi. Juni 2022, mjini Dubai, walikutana mezani wanaume wawili ambao mashabiki wa mieleka ya mikono walikuwa wakiwasubiri kwa hamu. Mmoja ni Levan Saginashvili wa Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, pandikizi la mtu lenye zaidi ya kilo 170. Wa pili ni Devon Larratt wa Kanada, aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu, mtu mrefu mwenye mikono mirefu na akili ya mchezo isiyotulia. Levan alishinda. Tangu siku hiyo wengi wanasema mjadala umekwisha, kwamba huyu ndiye mwenye mkono wenye nguvu kuliko binadamu yeyote aliyewahi kushindana. Naheshimu ushindi ule, lakini nataka kuonyesha kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Nguvu ya mezani si mali ya mtu mmoja aliyobeba mwilini kama anavyobeba uzito wake. Ni jambo linalotokea kati ya watu wawili, katika mkao fulani, chini ya sheria fulani. Anayetaka kuwalinganisha mabingwa kwa haki aache kutazama kilo na unene wa misuli, asome orodha ya walioshindwa nao na namna walivyoshindwa.

Tuanze na meza yenyewe, maana wengi tunaufahamu mchezo huu wa barazani, wa kukaa kwenye viti na kubanana mpaka mmoja achoke. Mezani kwa mabingwa watu husimama. Kiwiko huwekwa juu ya mto mdogo wa mraba, mkono wa pili hushika kigingi kilichosimama pembeni mwa meza, na kila upande kuna mto mwingine ambao mkono wa mshindwa ukiugusa, raundi imekwisha. Mwamuzi huinama, macho yake yakiwa usawa wa viganja, akavinyoosha vifundo vya mikono, akahakikisha pingili za vidole gumba zinaonekana, ndipo atoe amri ya kuanza. Kiwiko kikiondoka kwenye mto wake ni kosa, na makosa mawili kwa kawaida huhesabiwa kuwa kushindwa. Mikono ikiteleza na kuachana, mwamuzi huifunga pamoja kwa mkanda, kisha shindano likaanza upya. Mkanda huo tuutazame vizuri. Kabla haujafungwa, pambano ni la vidole: anayeweza kufungua kiganja cha mwenzake ana nusu ya ushindi. Ukishafungwa, vidole havina tena pa kukimbilia, na kazi yote inahamia kwenye kifundo, kigasha na bega. Kwa sababu hiyo wapo mabingwa wanaouachia mkono kwa makusudi ili wafungwe mkanda, na wapo wanaouogopa mkanda kuliko wanavyomwogopa mpinzani. Watu ni walewale, jioni ni ileile, misuli haijaongezeka wala kupungua, lakini kipande cha mkanda kinaweza kugeuza matokeo. Kama nguvu ingekuwa kiasi kimoja kilichotulia ndani ya mtu, mkanda usingeweza kufanya hivyo.

Sababu yake ni ya kifizikia, na si ngumu kueleweka. Kigasha ni wenzo, na kiwiko ndipo mahali unapogeukia. Katika wenzo hatuhesabu nguvu peke yake, tunahesabu nguvu pamoja na umbali wake kutoka mahali pa kugeukia. Nikiuvuta mkono wako kuja upande wangu, hata kwa upana wa vidole viwili tu, kiwiko chako kinafunguka, na misuli ya mbele ya mkono inafika kwenye pembe ambayo haina uwezo mkubwa. Wakati huohuo mkono wangu umekaribia kifua changu, mahali ambapo mgongo na bega vinaweza kuusaidia. Hapo hakuna aliyeongeza nguvu wala aliyepungukiwa, ila hesabu imebadilika. Aidha, msuli unaolazimishwa kurefuka huku ukikaza huweza kuzuia mzigo mkubwa kuliko ule unaoweza kuusukuma ukiwa unafupika. Ndiyo maana unawaona wawili wamekwama katikati ya meza kwa nusu dakika, nyuso zimewaiva, na mtazamaji akadhani wana nguvu sawa. Pengine mmoja anazuia tu, hana hata chembe ya kushambulia, na mwingine anasubiri kuzuia huko kuchoke. Kukwama katikati hakuthibitishi usawa wowote.

Kutokana na hesabu hiyo ndipo ikazuka mitindo. Upo mtindo wa juu, ambapo mchezaji hupanda kuelekea ncha za vidole vya mpinzani na kukigeuza kiganja chake kitazame chini, ili kifundo cha mwenzake kilale nyuma. Upo mtindo wa ndani, wa ndoana, ambapo wote wawili hukunja vifundo kuelekea ndani na kubaki wakivutana kwa nguvu ya misuli ya mbele ya mkono. Upo wa kukandamiza, ambapo mchezaji hulileta bega nyuma ya mkono wake na kusukuma kwa kifua na misuli ya nyuma ya mkono. Tena Michael Todd, Mmarekani wa jimbo la Arkansas, alijipatia sifa na lawama kwa mkao wa kujihami ambao mwili hushuka chini ya meza na mkono kubaki umenyooka, kiasi kwamba mpinzani aliyekwisha kushinda kwa macho ya watu wote hana namna ya kumalizia. Palipo na mitindo mingi, ushindi haufuati mstari ulionyooka. Juma akimshinda Hamisi, na Hamisi akimshinda Saidi, haimaanishi kwamba Juma atamshinda Saidi. Huenda Saidi ana vidole vinavyoifungua ndoana ya Juma, ilhali Hamisi ana kifundo ambacho vidole hivyo havikiwezi. Mashabiki hupenda kutengeneza minyororo ya namna hiyo: fulani kamwangusha fulani, basi lazima atamwangusha na fulani. Minyororo mingi kati ya hiyo hukatika siku ya shindano.

Linganisheni na unyanyuaji wa vyuma. Julai 2016, katika mji wa Leeds, Mwingereza Eddie Hall aliinua kutoka sakafuni chuma cha kilo 500. Takwimu hiyo inaeleweka popote, kwa sababu chuma hakibishani na mtu. Hakibadili mtindo, hakisubiri uchoke, wala hakina vidole vya kufungua kiganja chako. Kilo 500 za Leeds ni kilo 500 za Nairobi. Mpinzani wa mezani ni mzigo unaofikiri. Ndiyo maana watu wenye rekodi kubwa za vyuma wakija mezani hupata mshangao. Mmarekani Larry Wheels, anayejulikana kwa kunyanyua mizigo ya kutisha, alipoanza mchezo huu aliangushwa na watu wepesi kuliko yeye, vijana ambao ukumbini kwa vyuma wasingethubutu kugusa mzigo wake. Ilibidi akae mezani miaka kadhaa, akijenga kifundo na kigasha upya, ndipo aanze kusimama na wenye mchezo wao. Siku ya kwanza hakuwa mnyonge. Alikuwa na nguvu nyingi, tatizo ni kwamba sehemu kubwa yake haikuwa na njia ya kufika kwenye kiganja.

Hapa kuna msikilizaji atakayeniuliza: je, hatuwezi kutumia mashine? Mbona mabingwa wenyewe hujirekodi wakivuta nyaya za mazoezi kwa mkono mmoja, na uzito umeandikwa wazi kwenye vyuma? Ni swali la haki, lakini jibu lake linakatisha tamaa. Uzito ulioandikwa kwenye chuma sio unaofika mkononi. Waya ukipitia kapi moja lililofungwa mahali pake, unavuta uzito wote. Ukipitia kapi linalotembea pamoja na mzigo, unavuta takriban nusu. Mashine mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutoa namba zinazotofautiana mara mbili. Kuna pia vipimo vya kubana kwa kiganja, lakini navyo hupima vidole vinavyojifunga kwenye mpini usioteleza, ilhali mezani vidole hupambana na kiganja chenye jasho kinachovipinda. Hata tukipata mashine ya haki kabisa, itapima upande mmoja katika pembe moja, nasi tumeona kwamba mezani kuna kuvuta, kupanda, kukunja, kugeuza na kukandamiza, yote katika sekunde chache. Mashine ni nzuri kwa kumlinganisha mchezaji na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kwa kuwalinganisha mabingwa wawili, inatoa dalili tu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na linahusu uzito wenyewe. Watasema: unazunguka bure, mtu mkubwa hushinda, basi. Mbona mashindano ya kimataifa yana madaraja ya uzito, kilo kwa kilo, mpaka lile la zaidi ya kilo 110? Mbona Levan, aliyemzidi Larratt kwa makumi ya kilo, alishinda? Nakubali kwamba mwili mkubwa ni mtaji, na madaraja yale hayakuwekwa kwa mapambo. Lakini tazameni mtaji huo unavyozaa. Nguvu ya msuli hufuata unene wake, yaani eneo la mkato wake, ilhali uzito hufuata ujazo mzima. Mtu mwenye umbo lilelile akiwa na uzito mara mbili, nguvu zake zinatarajiwa kuongezeka kama mara 1.6 hivi, haziwi mara mbili. Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia, na pengo linalobaki linaweza kuzibwa na kifundo imara, kano zilizokomaa au kuwahi kuondoka kwenye amri ya mwamuzi. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni John Brzenk wa Marekani, fundi wa ndege ambaye kwa muda mrefu alikuwa na uzito wa karibu kilo 100 tu, na bado akawaangusha wanaume waliomzidi kwa mbali sana mwilini. Kama uzito ungekuwa ndio hukumu, jina la Brzenk lisingejulikana nje ya daraja lake. Uzito basi unaingia kwenye hesabu, lakini haumalizi hesabu.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili kabisa. Wengine wakisikia habari za mitindo husema: kumbe huu ni mchezo wa ujanja, nguvu hazina kazi. Nao wamekosea, na kosa lao ni kutenganisha vitu viwili ambavyo mwilini ni kimoja. Kukijua kifundo kinavyopindwa ni rahisi, mtu anaweza kufundishwa kwa saa moja. Kukipinda kifundo cha bingwa anayejua unachotaka kufanya ni kazi ya miaka ya kujenga misuli midogo ya kigasha na kano zake, na kano hukomaa polepole kuliko misuli. Huenda ndiyo sababu moja ya mchezo huu kuwaweka kileleni watu wa umri ambao michezo mingine imekwisha kuwastaafisha: Larratt amezaliwa 1975, na alipokutana na Levan alikuwa na miaka zaidi ya 45. Katika ngazi ya juu kila mtu anazijua mbinu zote. Kinachowatofautisha ni nguvu, ila nguvu ya mahali maalumu. Na mwili una ukatili wake wa kutukumbusha hilo. Mchezaji asiye na uzoefu akiligeuza bega na uso mbali na mkono wake huku akisukuma, misuli ya kifua na bega huusokota mfupa wa mkono wa juu mpaka unavunjika, kwa mpasuko unaozunguka mfupa. Ajali hiyo inajulikana vizuri kwa madaktari wa mifupa. Mfupa wake unavunjwa na nguvu zake mwenyewe zikishirikiana na za mwenzake. Zilikuwepo, zilikuwa nyingi, zikakosa mkao.

Tena hata mtu mmoja hawezi kupewa namba moja, kwa sababu ana mikono miwili. Mashindano makubwa huandaliwa kwa kulia na kwa kushoto, na kila mkono una ubingwa wake. Matthias Schlitte wa Ujerumani amezaliwa na kigasha cha kulia kikubwa kupita kawaida, na mkono huo ndio uliompa jina, ilhali wa kushoto ni wa mtu wa kawaida. Oleg Zhokh wa Ukraine alijulikana kwa kinyume chake: mkono wa kushoto uliowatoa jasho watu wazito kuliko yeye. Ukiuliza Schlitte ana nguvu kiasi gani, lazima nikuulize upande upi. Zipo pia nguvu zinazohama mchezo mmoja kwenda mwingine, na zipo zisizohama. Alexey Voevoda wa Urusi, aliyekuwa tishio la meza mwanzoni mwa miaka ya 2000, alihamia kwenye mbio za sleji juu ya barafu na kupata medali ya fedha ya Olimpiki Turin mwaka 2006. Miguu na mgongo vilivyosukuma sleji vilikuwa vilevile vilivyosaidia mezani. Lakini hakuna anayetarajia kwamba wasukumaji wenzake wa sleji wangeweza kusimama mezani na kumbabaisha.

Sasa tuje kwenye vizazi, maana hapo ndipo ubishi huwa mkali. Mchezo huu kama mashindano yaliyopangwa ulikulia Petaluma, mji mdogo wa California, ambako ubingwa wa dunia ulianza kuitwa kwa jina hilo mwaka 1962. Mwaka 1986 yalifanyika mashindano makubwa Las Vegas, yakiambatana na utengenezaji wa filamu ya Over the Top ya Sylvester Stallone, na kijana Brzenk akaondoka na zawadi ya lori. Enzi hiyo ubingwa ulipatikana kwa mtoano: mchezaji alikutana na watu wengi siku moja, hajui atakayefuata ni wa mtindo gani, mkono umechoka, na anatakiwa awe na jibu kwa kila mmoja. Siku hizi pambano kubwa ni la watu wawili, tarehe inatangazwa miezi kabla, kila mmoja anamsoma mwenzake kwa video, anaongeza kilo, anajenga silaha moja kwa ajili ya mtu mmoja, kisha wanacheza raundi kadhaa. Ni mitihani miwili tofauti. Mtoano unapima upana wa nguvu, pambano la wawili linapima kina chake. Kumchukua bingwa wa mtihani mmoja ukamshusha daraja kwa sababu hakufanya mtihani mwingine ni kumwonea. Na Brzenk hakuwa asiyeshindwa: Voevoda alimshinda, na mwaka 2008 Larratt naye alimshinda. Lakini someni orodha yake ya ushindi: zaidi ya miaka ishirini, wepesi na wazito, wa ndoana na wa vidole, kwa mkanda na bila mkanda.

Basi hukumu yangu ni hii. Ukiniuliza ni nani ningemchagua kwa usiku mmoja, mkono wa kulia, katika miaka hii tuliyomo, nitamtaja Levan Saginashvili bila kusita, na sidhani kama Brzenk wa enzi yoyote angeweza kuuzuia mkono ule. Ukiniuliza ni nani ameonyesha nguvu za mezani kwa mapana zaidi, nitamtaja Brzenk, na ushindi wa Dubai haumpunguzii kitu. Majibu hayo mawili hayagombani, kwa kuwa ni majibu ya maswali mawili. Anayetaka jibu moja atanyang'anywa na mtu wa kwanza atakayemuuliza: mkono upi, sheria zipi, dhidi ya nani?

Mchezo huu sasa umeingia hata kwenye Michezo ya Afrika, kama tulivyoona Accra mwezi Machi 2024, na vijana wetu wataendelea kuujaribu, wengine kwenye vilabu, wengine juu ya meza za mkahawani. Maombi yangu kwao ni mawili. Msimdharau mtu kwa wembamba wake kabla hamjaushika mkono wake. Na ukisha kushikana na mtu, usigeuze bega wala uso. Kiganja chako kiwe mbele ya kifua chako na macho yako yakitazame mpaka mwisho, kwa sababu mfupa ukivunjika, hakuna aliyeshinda.